Homa ilishuka, vijidudu vikabaki: jibu kwa mama wa Bagira kuhusu mubirizi

Swali: "Daktari, salamu kutoka Bagira, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nina mtoto wa miaka minne. Mwezi uliopita alishikwa na homa, mama mkwe akachuma majani ya mubirizi, ule mti mchungu wa kwenye ua wetu, akayafikicha ndani ya maji, akamnywesha asubuhi na jioni. Siku ya pili homa ikashuka, tukafurahi. Baada ya juma moja ikarudi kwa nguvu, tukamkimbiza kituo cha afya, wakapima wakasema ni malaria. Mama mkwe anasema tulimpa dawa kidogo mno. Shemeji yangu wa Goma anasema hata sokwe wa porini wanatumia mubirizi wakiumwa, kwa hiyo hauwezi kumdhuru mtu. Mimi nina mimba ya miezi mitano, nimeambiwa niunywe nisafishe damu. Baba mkwe anaunywa kwa ajili ya sukari, na jirani yetu anasema unatoa karuho, ile sumu ya kutegeshewa kwenye chakula. Nani anasema kweli? Sipendi kumvunjia heshima mama mkwe, ni mtu mwema na anawapenda wajukuu wake."

Jibu: Mama, asante kwa kunieleza yote bila kuficha. Nianze na yasiyoweza kungoja. Wewe usiunywe mubirizi, hata kijiko, mpaka ujifungue. Mtoto akipata homa tena, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Mengine yote ninayoandika hapa chini ni sababu, nazo nitazieleza kwa urefu kwa kuwa utazihitaji utakapokaa na mama mkwe. Mtu aliyelea watoto wake kwa mmea huu hawezi kuridhika na neno "daktari amekataza".

Tuujue mmea kwanza, maana nimeona watu wakifikicha majani ya mmea mwingine kabisa. Mubirizi ni mti mdogo, mara nyingi wa mita mbili hadi tano, wenye gome la kijivu lililokwaruzika. Jani lake ni refu na limechongoka, pembeni lina vimeno vidogo sana, na ukiligeuza utaona upande wa chini umepauka na una vinyweleo laini. Maua ni madogo, meupe au ya rangi ya maziwa, yamesongamana kwenye ncha za matawi, na jioni yananukia vizuri, nyuki wanayapenda. Jina lake la kisayansi ni Vernonia amygdalina, ingawa vitabu vya siku hizi vinaandika Gymnanthemum amygdalinum. Waganda wanauita mululuza, Wayoruba ewuro, Waigbo onugbu, na Watongwe wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wanauita mjonso. Lile ua kubwa la njano linalofanana na alizeti, ambalo limejaa kandokando ya barabara zetu, si mubirizi. Hilo ni Tithonia, lilitoka Meksiko na Amerika ya Kati, na kwa kuwa nalo ni chungu watu hulichuma kwa kudhani ni dawa ileile. Yuko pia ndugu wa mubirizi wa vichakani, mwenye jani kubwa zaidi, sufu nyeupe chini ya jani na maua ya zambarau. Usichume huyo ukidhani umepata mubirizi.

Mubirizi hauhitaji kulelewa. Ukikata tawi wakati wa mvua ukalichomeka ardhini, linaota. Ndiyo maana huku Bushi, nchi ya Washi kuzunguka Bukavu, na vilevile Rwanda, Burundi na Uganda, watu wameupanda kama ua wa nyumba na alama ya mpaka wa shamba. Basi kila kaya ikawa na dawa yake umbali wa hatua chache kutoka mlangoni, na hapo ndipo matumizi yalipozidi kuwa mengi: tumbo, homa, minyoo ya watoto, upele, kidonda, mbuzi aliyevimba tumbo, kijiti cha kusugulia meno. Akina mama wameupaka kwenye chuchu mtoto akifika wakati wa kuachishwa ziwa. Nakuomba utazame vizuri desturi hiyo ya mwisho. Mtoto anapakiwa uchungu kidogo, anauonja, anauchukia, anaacha kunyonya. Hakuna mtu aliyemjazia kikombe. Wazee niliokaa nao huko Kabare na Walungu, ukiwauliza mubirizi unatibu nini, huanza na masharti: nani asipewe, jani la umri gani, siku ngapi kisha unaacha. Dawa bado tunayo, inaota kila mahali. Masharti ndiyo yaliyobaki kijijini watu walipohamia mjini, na nusu ya matatizo ninayoyaona yanatoka hapo. Leo mtu ananunua chupa ya maji ya kijani sokoni Kadutu, haijui imetengenezwa lini, kwa majani mangapi, wala kwa maji ya wapi, anainywa kutwa mara tatu kwa mwezi mzima.

Sasa tuje kwa shemeji yako wa Goma na sokwe wake. Habari hiyo ni ya kweli, na ni nzuri kuliko inavyosimuliwa kwenye simu.

Mwezi wa Novemba 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, ng'ambo ya ziwa karibu mkabala na Kalemie yetu, watu wawili walikuwa wakimfuata sokwe mtu jike, si gorila, aliyeitwa Chausiku. Mmoja alikuwa Michael Huffman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Mwingine alikuwa Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtu wa msitu huo na mjuzi wa dawa za kwao. Chausiku alikuwa mgonjwa waziwazi: amelegea, hana hamu ya kula, analala wakati wenzake wanatembea. Akaufikia mjonso. Akavunja tawi changa, akalimenya, akatupa gome, akatupa majani, akabaki na kile kiini laini cha ndani ya shina. Akakitafuna, akafyonza maji yake, nyuzi akazitema. Kalunde akamweleza Huffman kwamba huo ni mti wa dawa kwa Watongwe, kwa tumbo na kwa homa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu. Mwaka 1989 Huffman na Kalunde waliandika habari hiyo pamoja, na tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakichunguza jinsi wanyama wanavyojitibu.

Baadaye sokwe mwingine wa Mahale alitafuna kiini hicho, na wakati huu watafiti walipima choo chake kabla na baada. Mayai ya mnyoo unaotoboa utumbo wa sokwe na kuacha vinundu yalikuwa 130 kwa kila gramu ya choo. Saa 20 baadaye yalikuwa 15. Kwa hiyo mubirizi unafanya kazi tumboni, na sisemi hivyo ili kumpendeza mtu.

Lakini rudi kwenye mikono ya Chausiku. Alitupa majani. Wanakemia wa Kyoto walipouchambua mmea, walikuta ndani ya majani na gome dutu moja chungu sana inayoitwa vernodalini, na ndani ya kiini wakakuta zaidi dutu nyingine, vernoniosidi B1. Walipozijaribu kwa panya wenye minyoo ya kichocho, vernodalini ilikuwa sumu kali kwa panya wenyewe. Vernoniosidi, kwa upande wake, ilionekana kwenye vyombo vya maabara ikiwadhoofisha minyoo na kuwazuia kutaga. Kwa maneno mengine, sokwe mgonjwa anachagua sehemu yenye sumu kidogo, anafyonza kiasi kidogo, anafanya hivyo akiwa anaumwa tu, na shabaha yake ni minyoo. Mama mkwe anatumia majani, sehemu ambayo sokwe aliitupa, anayafikicha mpaka maji yanakuwa meusi, na anayapeleka kwa mtoto wa miaka minne kwa ugonjwa mwingine. Mwambie shemeji kwamba mfano wake ni mzuri, ila unamgeukia.

Kuna jambo jingine kwa Watongwe ambalo nalipenda zaidi ya lile la Chausiku. Babu yake Kalunde alikuwa mganga. Inasimuliwa katika familia yao kwamba aliwahi kumwona nungunungu aliyeugua akichimba na kula mizizi ya mmea waliouita mulengelele, mmea ambao watu wa kijiji waliuogopa kwamba ni sumu. Nungunungu akapona. Baadaye ugonjwa wa kuhara damu ulipoingia kijijini, mzee huyo alitaka kuwapa watu mzizi ule, nao wakakataa. Basi akaunywa yeye kwanza, kidogo, mbele yao, wakamwona hakufa, ndipo wakakubali. Huyo ndiye mganga wa jadi ninayemheshimu: aliangalia, akaonja kwa hofu, akajua kipimo kabla ya kumpa mtu mwingine.

Kuhusu malaria, mama, ni lazima tuzungumze na uchungu wenyewe, kwa sababu huku kwetu uchungu umepata heshima isiyo yake. Bukavu ni mji wa kwinini. Miti ya kwinini, iliyotoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, imepandwa kwenye vilima vya Kivu tangu enzi za Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina hapa mjini kimeishi kwa gome lake. Wazee wetu wengi walifanya kazi ya kulibandua gome hilo, na wote waliinywa dawa yenyewe: chungu, inayovumisha masikio, na inayoondoa malaria. Kwa mtu aliyekua hivyo ni rahisi kuamini kwamba kinachoua malaria ni ule uchungu, na kwamba mti wowote mchungu vya kutosha utafanya vilevile. Ila kwinini ni dutu moja maalumu, ilitengwa kutoka kwenye gome mwaka 1820 mjini Paris, na tangu hapo inapimwa kwa miligramu kulingana na uzito wa mgonjwa. Uchungu wa mubirizi unatoka kwenye dutu nyingine kabisa. Sumu nyingi za porini nazo ni chungu.

Je, mubirizi hauna nguvu yoyote juu ya malaria? Unayo kidogo, na kuna watu waliopima. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uganda, ambapo wagonjwa wenye malaria isiyo kali walipewa maji ya majani ya mubirizi kama wanavyoyatumia waganga, kisha wakafuatiliwa na damu yao ikapimwa. Kufikia siku ya 14, asilimia 67 walikuwa na hali nzuri. Ukiishia hapo utasema mama mkwe ameshinda. Endelea kusoma. Kati ya hao waliojisikia vizuri, asilimia 32 tu ndio ambao damu yao ilikuwa haina vijidudu tena. Na kati ya hao waliosafika, asilimia 71 vijidudu vilirudi. Tufanye hesabu kwa watu 100: 67 wanaonekana wamepona, kama 21 wamesafika kweli, na mwishowe kama 6 wanabaki wamesafika. Waliobaki kati ya wale 67 wanatembea na malaria ndani ya damu huku wakishukuru dawa.

Hicho ndicho kilichompata mwanao. Homa ya malaria inakuja kwa mawimbi. Kijidudu kinaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinazaana humo kwa muda wa kama saa 48, kisha chembe inapasuka na homa inapanda. Kati ya wimbi na wimbi mtoto anaweza kuonekana mzima, akacheza, akaomba chakula. Ukiongeza juu yake mmea unaopunguza homa na kuvipunguza vijidudu bila kuvimaliza, unapata siku chache za furaha, halafu homa inarudi ikiwa imekusanya nguvu. Mtu mzima aliyeugua malaria mara nyingi maishani anaweza kuvuka hivyo, maana mwili wake umejifunza. Mama mkwe mwenyewe labda alivuka hivyo mara kadhaa, na ushahidi wake ni wa kweli kwake yeye. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana kinga hiyo. Kwake malaria inaweza kugeuka kutoka homa ya asubuhi kuwa degedege au upungufu mkubwa wa damu ndani ya siku moja au mbili.

Na hapa nakataa kabisa neno la "tulimpa kidogo mno". Kumwongezea kipimo mtoto ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote. Anaweza kutapika na kuhara mpaka maji yakamwishia mwilini, sukari ya damu ikashuka, na malaria yenyewe tayari inaishusha sukari ya mtoto. Ukimwona mtoto mwenye homa ambaye amelegea hashiki ziwa wala kikombe, anatapika kila kitu, ana degedege, anapumua kwa shida au viganja vimekuwa vyeupe, usisubiri kuche. Hiyo ni hospitali, usiku huohuo, hata kama ni kwa pikipiki.

Kama ni homa tu, kituo cha afya wana kile kipimo cha tone la damu la kidole, jibu linatoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Kipimo kikionyesha malaria, mtoto atapewa dawa ya mseto ya siku tatu: artesunate pamoja na amodiaquine, au artemether pamoja na lumefantrine. Mpe siku zote tatu hata akiamka mzima siku ya pili. Dawa hizo nazo zilianzia kwenye mmea mchungu, Artemisia annua wa China, na Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwambie mama mkwe hilo. Hakuna anayedharau mimea. Tofauti ni kwamba ule wa China ulichambuliwa, ukapimwa, ukaunganishwa na dawa ya pili ili vijidudu visipate njia ya kutorokea, na kila kidonge kina kiasi kinachojulikana. Nawasihi pia msichemshe majani ya Artemisia nyumbani mkidhani ni vidonge hivyohivyo. Kiasi cha dawa ndani ya chai hakitabiriki, na Shirika la Afya Duniani halikubali itumike hivyo.

Sasa wewe, mama. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba maji ya majani ya mubirizi yanaiamsha misuli ya mji wa mimba, yanaufanya ubane. Wakunga wa jadi walilijua hilo bila maabara, ndiyo maana mmea huu umo miongoni mwa dawa zao za saa ya kujifungua. Dawa inayosaidia uchungu wa uzazi miezi tisa inaweza kuuleta miezi mitano. Na hiyo "damu chafu" unayoambiwa uisafishe, mara nyingi kwa mjamzito ni uchovu, kizunguzungu na uvivu wa kula vinavyotokana na upungufu wa damu. Mubirizi hautaongeza damu. Nenda kliniki ya wajawazito, upimwe damu, upewe vidonge vya madini ya chuma na foliki, ulale ndani ya chandarua, na uulize kuhusu vidonge vya SP vya kukinga malaria. Vinaanza baada ya miezi mitatu ya mwanzo na vinatolewa kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja, si chini ya mara tatu kabla ya kujifungua. Kwa miezi mitano ulipaswa kuwa umeanza. Usiposhikwa na malaria, mtoto aliye tumboni anapona mengi.

Baba mkwe na sukari yake: ni kweli kwamba majani haya yanashusha sukari ya damu kwa wanyama wa maabara. Shida ni kwamba kama anameza pia vidonge vya hospitali, hasa glibenclamide, viwili hivyo vinaweza kusukuma upande mmoja na sukari ikaanguka ghafla. Ataona jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Amwambie daktari wake kwamba anakunywa mubirizi, na asiache vidonge kwa sababu siku moja kipimo kilikuwa kizuri.

La karuho ni gumu zaidi, na sitalipitia juu juu. Huku kwetu mtu akikonda pole pole, akakohoa, tumbo likamuuma asijue sababu, majirani hunong'ona kwamba ametegeshewa karuho kwenye chakula au kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, na mtu mwenye wivu. Anapelekwa kutapishwa, na mubirizi ni mojawapo ya majani yanayotumika. Anatapika kamasi ya njano na povu jeupe, anaonyeshwa: tazama, sumu hiyo imetoka. Lile povu ni la mmea. Majani ya mubirizi yana saponini nyingi, dutu zinazotoa povu kama la sabuni. Unaweza kuliona kwa macho yako: fikicha majani machache kwenye beseni la maji safi, uyachape kwa mkono, povu litapanda pasipo mgonjwa yeyote. Ile njano ni nyongo, nayo hutoka kwa yeyote anayetapika bila chakula tumboni. Sitabishana na jirani yako kuhusu chuki za watu, kwa sababu chuki zipo. Ninachosema ni kwamba kukonda na kukohoa zaidi ya wiki mbili kunadai kipimo cha kifua kikuu, na kipimo hicho na dawa zake hutolewa bure. Tumbo linalouma na kuchoma kwa miezi linaweza kuwa vidonda vya tumbo, na kumtapisha mwenye vidonda vya tumbo kwa dawa kali ni kumtafutia kutokwa na damu. Nimesikitika mara nyingi kuona kifua kikuu kikipewa miezi sita ya kutapishwa, huku mgonjwa akiwaambukiza watoto anaolala nao chumba kimoja, na familia mbili zikiwa zimeshaacha kusalimiana kwa tuhuma.

Kwa hiyo mubirizi ubaki na kazi gani? Kazi ipo, na mimi mwenyewe nisingeung'oa kwenye ua. Mtu mzima asiye na mimba, asiye na kisukari cha kumeza vidonge, ambaye tumbo limejaa au hamu ya chakula imepotea, anaweza kutafuna kipande cha kiini cha tawi changa na kutema nyuzi, au kuloweka majani mawili matatu kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa na kunywa. Siku mbili, tatu, basi. Minyoo ya watoto iachiwe albendazole au mebendazole. Kidonge kimoja ni bei ya chini na kipimo chake kinajulikana. Kwa upele na kuwashwa, maji ya majani yaliyochemshwa na kupoa ni mazuri ya kuogea. Mbuzi wanayala majani wenyewe na yanawafaa. Mkulima akiyasaga na kuyaloweka hupata maji ya kunyunyizia mboga zenye wadudu.

Tena yapo mapishi. Huku Kivu sisi ni watu wa sombe na lengalenga, lakini Wakameruni wanaupika mmea huu na karanga na kuuita ndolé, chakula wanachojivunia kuliko vyote, na Waigbo wa Nigeria wana mchuzi wao wa onugbu. Siri yao iko kwenye maji. Mpishi anayafikicha majani kwa mikono miwili, povu linajaa beseni, anamwaga, anaweka maji mapya, anafikicha tena, anamwaga tena, mpaka povu linaisha na ukionja unasikia uchungu mdogo tu nyuma ya ulimi. Wengine wanayachemsha kwanza. Yaani yale wanayoyamwaga ndiyo yale sisi tunayoyakinga kwenye chupa tukanywa. Wanakula kwa wingi bila kudhurika kwa sababu hiyo.

Neno moja kuhusu chupa za sokoni. Majani yaliyokamuliwa kwa maji mabichi ni maji mabichi, uchungu hauui kipindupindu, na kipindupindu kinazunguka kando ya Ziwa Kivu kila mwaka. Hata kwa mtu mzima, achemshe maji, aandae kikombe chake mwenyewe, anywe siku hiyo, kinachobaki amwage. Wala asichume majani yaliyo kando ya mfereji wa maji machafu au kwenye ua uliopuliziwa dawa ya wadudu.

Kuhusu heshima ya mama mkwe, usianze naye kwa kumwambia alikosea. Mwulize mbele ya wajukuu alifundishwaje: nani alikatazwa kuunywa, mama yake alikuwa akitumia sehemu gani, kwa siku ngapi. Nina hakika atakukumbushia mwenyewe kwamba mjamzito hakupewa. Ukifika hapo, mweleze lile la Chausiku kutupa majani, kwa sababu ni habari inayomheshimu yeye na mmea wake. Kisha mwombe mkubaliane jambo moja la nyumbani: mtoto akipata homa, mnampima kwanza. Kama kipimo kimesema si malaria na hakuna dalili mbaya, mnafuata maelekezo ya muuguzi, na yeye anabaki kumfuta mwili kwa maji ya uvuguvugu na kumnywesha uji. Kama ni malaria, yeye ndiye apewe kazi ya kuhakikisha vidonge vya siku tatu vinakwisha, kwani kwenye nyumba nyingi bibi ndiye anayebaki na mtoto mama akiwa sokoni. Mpe yeye karatasi ya dawa ashike, na umwonyeshe kidonge cha asubuhi na cha jioni.